Kutoka Pointi Hadi Hoja: Mwongozo wa Insha ya Historia ya Dunia

Wanafunzi wengi wa historia husoma kwa bidii na bado insha zao hurudi na alama za wastani. Daftari limejaa noti, tarehe zimekaririwa, pointi sita za kila mada ziko kichwani. Kinachokosekana ni upimaji. Mwanafunzi ameorodhesha yaliyotokea, lakini hajasema lipi lilikuwa na uzito zaidi, kwa nini, na amejuaje. Insha ya historia ni jibu lenye ushahidi kwa swali ambalo watu wenye akili zao wanaweza kubishana juu yake. Ukilishika hilo, namna yako ya kusoma itabadilika, na namna yako ya kuandika itafuata.

Mwongozo huu unafuata swali moja tangu unapolisoma hadi unapoweka nukta ya mwisho: "Kwa kiasi gani ujio wa Wareno ulibadilisha biashara ya Bahari ya Hindi kati ya mwaka 1450 na 1650?" Ni swali la dunia nzima: Lisbon, Venice, Kilwa, Goa na Malacca zote zimo ndani yake. Ni swali pia ambalo pwani yetu ina sehemu yake kamili, wala haikuwa mtazamaji. Njia utakayoiona hapa inafaa vilevile kwa Mapinduzi ya Ufaransa, Mapinduzi ya Viwanda au Vita Kuu ya Kwanza.

Livunje swali kwanza

Kabla hujafungua kitabu, shika kalamu upigie mstari mambo manne: kazi unayopewa, jambo linalozungumziwa, mahali na kipindi.

Kazi hapa ni "kwa kiasi gani". Maneno hayo yanadai kipimo: sana, kidogo, sana huku na kidogo kule. Jibu la "ndiyo, walibadilisha" halijajibu kitu. Swali likisema "eleza sababu", linataka uonyeshe jinsi jambo moja lilivyozaa jingine. Likisema "linganisha", linataka pande zote mbili zikutane ndani ya aya moja, usiandike nusu ya insha juu ya huyu na nusu juu ya yule. Likisema "jadili", linataka pande zaidi ya moja na mwishoni msimamo wako.

Jambo ni biashara. Ukitumia ukurasa mzima kueleza Ngome ya Yesu ilivyojengwa Mombasa kuanzia mwaka 1593, umetoka nje ya swali, isipokuwa uonyeshe ngome hiyo ilivyohusika na udhibiti wa bandari na ushuru wake. Mahali ni bahari nzima, hivyo mifano ya Afrika Mashariki peke yake haitoshi. Kipindi kinaanza mwaka 1450, karibu miaka hamsini kabla ya nahodha Mreno Vasco da Gama kufika mwaka 1498, na hilo lina maana yake: mtahini anataka ujue hali ilivyokuwa kabla, maana huwezi kupima badiliko ambalo hujui lilianzia wapi. Kwa upande wa pili, Waomani kuitwaa Mombasa mwaka 1698 kuko nje ya kipindi. Unaweza kuligusia jambo hilo kwa sentensi moja katika hitimisho, basi.

Jenga hali iliyokuwepo

Tukio lisilo na muktadha wake linaonekana kama limeanguka kutoka mbinguni. Kwa hiyo, andika kwenye karatasi hali ya bahari kabla ya mwaka 1498, kwa ufupi na kwa mambo halisi.

Vyombo vilisafiri kwa pepo za msimu: kaskazi ikiwaleta wafanyabiashara pwani ya Afrika, kusi ikiwarudisha Arabuni na Bara Hindi. Dhahabu ilitoka bara nyuma ya Sofala, na Kilwa ikatajirika kwa kuisimamia. Vitambaa vilitoka Gujarat, pilipili manga pwani ya Malabar, na bandari kama Hormuz, Calicut na Malacca zilikuwa masoko ya watu wa mataifa na dini nyingi. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji uliomvutia kwa uzuri wake. Hapakuwa na dola iliyodai kuwa bahari yote ni mali yake.

Kisha weka muktadha wa upande wa pili. Wareno waliiteka Ceuta mwaka 1415, wakashuka pwani ya Afrika Magharibi hatua kwa hatua, na Bartolomeu Dias akaizunguka ncha ya kusini ya Afrika mwaka 1488. Pilipili iliyokuwa ikiuzwa Ulaya ilipita Misri na kuingia mikononi mwa wafanyabiashara wa Venice. Lisbon ilitaka kuipata pilipili hiyo huko inakotoka, bila kupitia kwao.

Aya moja ya namna hii katika utangulizi inatosha. Angalia kwamba kila kitu kilichotajwa kitahitajika baadaye: pepo, vitambaa, pilipili, Kilwa, Venice. Usilolitumia katika hoja yako, liache daftarini.

Mhoji shahidi wako

Hapa ndipo fikra za kihistoria zinapoachana na kukariri. Kila chanzo ni shahidi, na shahidi huhojiwa. Aliyeandika ni nani? Alikuwepo? Aliandika lini? Alimwandikia nani, na alitaka aamini nini? Mashahidi wengine wanasemaje?

Chukua jambo linalorudiwa katika vitabu vingi: kwamba rubani aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498 alikuwa Ahmad ibn Majid, mwanabahari mashuhuri wa Julfar katika Ghuba na mwandishi wa vitabu vya ubaharia. Waite mashahidi watatu, mmoja mmoja.

Wa kwanza ni shajara ya safari yenyewe, iliyoandikwa na mtu aliyekuwa ndani ya msafara. Inasema mfalme wa Malindi aliwapa rubani, na kwamba rubani huyo alikuwa Mkristo. Jina la Ibn Majid halimo. Shahidi huyu alikuwepo, na hilo lina uzito mkubwa. Lakini shajara hiyohiyo inaliona hekalu la Wahindu huko Calicut kama kanisa. Kwa hiyo anaposema "Mkristo", ujue ni mtu aliyekuwa na hamu ya kuwaona Wakristo kila alipokwenda. Tunamwamini kwamba rubani alikuwepo. Juu ya dini ya rubani tunamsikiliza kwa tahadhari.

Wa pili ni João de Barros, aliyechapisha historia yake Ureno mwaka 1552. Yeye anamtaja rubani kama Mwislamu wa Gujarat. Barros hakufika Bara Hindi, lakini alifanya kazi katika ofisi ya kifalme mjini Lisbon iliyosimamia biashara ya huko, hivyo nyaraka nyingi zilipita mikononi mwake. Hakuona kwa macho, ila alisoma mengi.

Wa tatu ni Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanahistoria wa Makka wa karne ya 16, aliyeandika juu ya Milki ya Osmani kuiteka Yemen. Huyu ndiye anayemtaja Ibn Majid, na anadai Wareno walimlewesha hadi akawaonyesha njia. Aliandika miongo mingi baada ya tukio, mbali na Malindi, katika kitabu kinachowasifu Waosmani kama watetezi dhidi ya Wareno. Simulizi inayomwonyesha Mwislamu mashuhuri akihadaiwa inaingia vizuri mno katika shabaha ya kitabu hicho.

Sasa pima. Mashahidi wote wanakubaliana kwamba Wareno waliongozwa na mjuzi wa bahari hiyo. Jina la Ibn Majid linamtegemea shahidi mmoja, wa mbali na wa baadaye. Sentensi unayoweza kuisimamia ni hii: "Vasco da Gama alivuka kutoka Malindi hadi Calicut akiongozwa na rubani mzoefu wa Bahari ya Hindi, ambaye jina lake vyanzo havikubaliani." Inashinda ile yenye jina, kwa kuwa hakuna atakayeiangusha. Na inaisaidia hoja yako moja kwa moja: hata safari ya kwanza ya Wareno ilitegemea elimu iliyokuwepo tayari.

Fanya hivi kwa kila chanzo, hata unachokipenda. Ibn Battuta mwenyewe aliyasimulia aliyoyaona Kilwa zaidi ya miaka ishirini baadaye, na aliyeyaandika ni Ibn Juzayy huko Moroko. Haimaanishi alidanganya. Inamaanisha unamtumia kwa sura ya jumla ya mji kwa uhakika zaidi kuliko kwa maelezo madogomadogo.

Tenganisha kilichobadilika na kilichobaki

Chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika mabadiliko, kulia andika yaliyoendelea. Wanafunzi wengi hujaza kushoto na kuacha kulia patupu, na hapo ndipo alama zinapopotea.

Kushoto: Wareno walileta mizinga juu ya merikebu na kudai bahari yote. Walizipiga Kilwa na Mombasa mwaka 1505, wakaitwaa Goa mwaka 1510, Malacca mwaka 1511 na Hormuz mwaka 1515. Walilazimisha vyombo vya biashara kuchukua hati ya ruhusa iliyoitwa cartaz, kupita kwenye bandari zao na kulipa ushuru. Pilipili ikaanza kufika Ulaya kwa kuizunguka Afrika.

Kulia: Safari bado zilifuata kaskazi na kusi. Vitambaa vya Gujarat vilibaki bidhaa iliyotakiwa pwani nzima. Wafanyabiashara wa Gujarat, Arabuni na Uswahilini waliendelea na kazi, wengine kwa hati ya Wareno, wengine kwa kuwakwepa. Mwaka 1513 Wareno walishindwa kuitwaa Aden, hivyo mlango wa Bahari ya Shamu haukufungwa, na kufikia miaka ya 1560 pilipili ilikuwa imerudi kwa wingi Venice kupitia Misri.

Ukizitazama safu hizo mbili kwa pamoja, mchoro fulani unajitokeza. Mabadiliko mengi yanahusu nguvu na ushuru. Yaliyobaki yanahusu bidhaa, njia na watu. Hapo umeshaanza kupata hoja, na umeipata kutoka kwenye ushahidi.

Pima uzito wa sababu

Orodha ya sababu sita zilizolingana ni dalili kwamba mwandishi hajafikiri. Sababu za kihistoria hazilingani. Jaribu hivi: iondoe sababu moja kichwani, kisha uulize kama matokeo yangekuwa yaleyale.

Kwa nini udhibiti wa Wareno ulikuwa na mipaka? Walikuwa wachache mno kwa bahari kubwa. Maofisa wao wenyewe walifanya biashara ya magendo. Milki ya Osmani, iliyoitwaa Misri mwaka 1517, iliisimamia Bahari ya Shamu. Na Aden haikuanguka. Sasa ondoa magendo: Wareno wangekusanya ushuru zaidi, lakini pilipili ingeendelea kupita Bahari ya Shamu. Rudi nyuma, uwape Wareno Aden: lango la njia hiyo lingekuwa mikononi mwao. Kwa hiyo Aden inabeba uzito mkubwa kuliko magendo, nawe una haki ya kuiweka mbele na kusema kwa nini.

Ulinganisho nao ni chombo cha kupimia. Kati ya mwaka 1405 na 1433 Zheng He aliongoza misafara ya China ambayo baadhi ya vyombo vyake vilifika pwani yetu, na twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle mwaka 1415. Misafara hiyo ilikuwa mikubwa mno kuliko wa Vasco da Gama, wenye merikebu nne, lakini haikuacha mfumo wa ngome na hati kama wa Wareno. Kwa hiyo ukubwa wa msafara hauelezi badiliko. Sera ya dola iliyoutuma inaeleza zaidi. Ulinganisho mmoja wa namna hii, wenye mistari minne, unafanya kazi kubwa kuliko mifano mitano isiyofikia uamuzi.

Andika tamko la hoja

Tamko la hoja ni sentensi moja au mbili mwishoni mwa utangulizi zinazolijibu swali. Angalia matatu.

"Wareno walileta mabadiliko mengi katika Bahari ya Hindi." Hili haliwezi kupingwa na yeyote, kwa hiyo halisemi kitu.

"Wareno walibadilisha biashara kisiasa, kiuchumi na kijamii." Hili ni makabati matatu matupu. Lingefaa kwa insha ya mada yoyote, ndiyo maana halifai kwa hii.

"Ingawa Wareno waliitumia mizinga kuugeuza usafiri wa baharini kuwa chanzo cha ushuru wao na kuiangusha miji kama Kilwa, kufikia mwaka 1650 bidhaa, pepo na wafanyabiashara wengi wa Bahari ya Hindi walibaki walewale, kilichobadilika zaidi ni nani aliyefaidi biashara hiyo." Hili linakubali upande wa pili, linataja kipindi, linatoa kipimo, na linamwambia msomaji insha itakwenda wapi. Mtu anaweza kulipinga. Sasa una kazi ya kulitetea.

Tengeneza aya moja vizuri

Aya dhaifu huandikwa hivi: "Wareno walikuja mwaka 1498. Walipiga Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Walichukua Goa mwaka 1510, Malacca mwaka 1511 na Hormuz mwaka 1515. Walitoza ushuru. Hivyo walibadilisha sana biashara." Kila sentensi ni ya kweli, na bado hakuna hoja.

Iandike upya: "Badiliko kubwa zaidi lilikuwa kuifanya safari yenyewe ya baharini kuwa kitu cha kulipiwa kwa nguvu. Kabla ya mwaka 1498 mfanyabiashara alilipa ushuru kwenye bandari alikotia nanga. Baada ya kuzitwaa Goa, Malacca na Hormuz kati ya mwaka 1510 na 1515, Wareno walipata vituo vya kusimamia hati ya cartaz, na chombo kisicho nayo kiliweza kukamatwa pamoja na shehena yake. Hata hivyo hati hiyo inafichua mpaka wa nguvu zao: anayehitaji kibali ni mfanyabiashara ambaye bado yuko kazini. Vyombo vya Gujarat viliendelea kusafiri. Sehemu ya faida yake ndiyo iliyohama mkono."

Ifungue aya hiyo uone ilivyoungwa. Sentensi ya kwanza ni dai. Ya pili inaonyesha hali ya awali, ili badiliko lionekane. Ya tatu ni ushahidi wenye majina na miaka, na miaka imewekwa pale inapofanya kazi. Ya nne inaufasiri ushahidi huo, na hii ndiyo sentensi ambayo wanafunzi huiruka. Ya mwisho inairudisha aya kwenye tamko la hoja. Ukimaliza aya yoyote, tafuta sentensi ya ufasiri. Kama haipo, aya haijaisha.

Mpe nafasi anayekupinga

Insha nzuri ina aya inayouchukua ushahidi mgumu zaidi dhidi ya hoja yake na kuushughulikia kwa haki. Kwetu sisi ushahidi huo ni Kilwa. Mwaka 1505 Mreno Francisco de Almeida aliuteka na kuupora mji huo na kujenga ngome. Mwaka huohuo Wareno wakajenga ngome nyingine Sofala, kwenye mlango wa dhahabu. Ngome ya Kilwa waliiacha ndani ya miaka kumi, lakini mji haukurudia nafasi yake ya awali. Utamwambiaje mtu wa Kilwa kwamba mambo yalibaki yaleyale?

Usimkimbie. Badilisha kipimo. Ukiitazama bahari nzima kwa miaka mia mbili, mwendelezo ni mkubwa. Ukiutazama mji mmoja uliotegemea dhahabu ya Sofala, badiliko lilikuwa la kuvunja. Kauli zote mbili ni za kweli, na kusema ni wapi kila moja ina nguvu ndiko kujibu "kwa kiasi gani". Hapa pia unatenda haki kwa watu waliouawa na kuporwa, ambao hesabu za pilipili peke yake zingewafuta.

Ukiwa chumba cha mtihani

Tumia dakika za mwanzo kupanga, hata ukisikia kalamu za wenzako zikikimbia. Andika pembeni tamko la hoja, madai matatu au manne, na chini ya kila dai ushahidi wake. Panga madai kwa uzito, lililo zito zaidi lipewe nafasi kubwa. Wakati ukibana, punguza idadi ya aya kabla hujapunguza ufasiri: aya tatu zilizofikiriwa zinaishinda orodha ya pointi nane. Usiandike mwaka usio na hakika nao. "Mwanzoni mwa karne ya 16" ni sahihi na inatosha. Hitimisho lisirudie utangulizi. Liseme hoja imefikia wapi baada ya ushahidi wote, kisha liguse mwisho wa kipindi: Hormuz kupotea mwaka 1622, Malacca kuangukia kwa Waholanzi mwaka 1641 na Muscat kurudi kwa Waomani mwaka 1650 kunaonyesha kwamba ushuru uliotegemea ngome ulihama pamoja na ngome.

Mazoezi ya kila wiki

Ujuzi huu haupatikani usiku wa kuamkia mtihani. Kila wiki chukua swali moja la mitihani iliyopita uandike tamko la hoja tu, mara tatu kwa namna tatu, kisha uchague lenye nguvu na ueleze kwa nini. Chukua chanzo kimoja ukihoji kwa maswali yale matano. Andika aya moja kamili. Halafu mpe mwenzako aisome na kazi yake iwe moja: kila anapokutana na dai aulize "umejuaje?" na kila anapokutana na ushahidi aulize "kwa hiyo?" Majibu yako yaandike ndani ya aya, siyo mdomoni tu.

Maswali hayo mawili yatakusaidia hata baada ya shule. Utayahitaji unaposikia hotuba ya mgombea, unaposoma habari kwenye simu, unapoambiwa kabila fulani limekuwa hivi tangu zamani. Aliyezoea kuhoji chanzo na kupima uzito wa sababu hapelekwi kirahisi na simulizi ya mtu mwingine. Anza wiki hii na aya moja.